Kumhoji Asiyesema

Likizo zangu za utotoni ziliishia kwenye masikio ya ng'ombe. Babu alikuwa akinikalisha kwenye kigoda, ng'ombe kafungwa kwenye mti, kopo la mafuta ya taa karibu na mguu wangu, na kazi yangu ilikuwa moja: kung'oa kupe na kuwatumbukiza humo. Siku za mwanzo nilikuwa napekua mwili mzima: mgongo, mbavu, shingo. Babu akanikataza. "Masikio kwanza, halafu chini ya mkia. Hao wana mitaa yao, hawapangi ovyo."

Nilidhani ni utani wa mzee. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba wapo waliokaa maabara kulichunguza jambo hilohilo. Kupe wa kahawia, yule anayeeneza ndigana kali, hupenda ndani ya sikio. Kupe mwenye miguu myekundu hupenda chini ya mkia. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Kenya walionyesha kwamba harufu inayotoka sikioni humvuta wa kwanza na kumfukuza wa pili, na harufu ya chini ya mkia hufanya kinyume chake. Kupe hana pua. Hunusa kwa miguu ya mbele, na ndiyo maana utamkuta kwenye ncha ya jani kainyoosha hewani kama mtu anayesimamisha daladala.

Kwa hiyo ng'ombe wa babu alikuwa mmoja kwetu tu. Kwa kupe wa kahawia alikuwa sikio kubwa lenye joto, likifuatwa na nchi yenye harufu mbaya isiyofaa kukanyagwa. Kwa mwenzake ramani hiyo iligeuzwa juu chini. Wote wawili walipita juu ya ngozi ileile, na sidhani kama tunaweza kusema walikuwa mahali pamoja.

Aliyelipa wazo hili umbo lake alikuwa Jakob von Uexküll, mwanabaiolojia aliyezaliwa mwaka 1864 katika nchi ambayo leo ni Estonia. Mfano wake mashuhuri ulikuwa kupe pia, ingawa kupe wa Ulaya. Alieleza kwamba kati ya mambo yote yanayotokea porini, upepo, mawingu, ndege, rangi za maua, kupe jike anayengoja kwenye kichaka anajibu mambo machache mno. La kwanza ni asidi ya butiriki, ambayo hutoka kwenye ngozi ya wanyama wanaonyonyesha; ndiyo pia inayofanya siagi iliyochacha inuke vile inavyonuka. Akiipata, anaachia jani na kuanguka. Cha pili ni joto: akiangukia kitu cha moto anajua amefika, akiangukia kitu baridi anapanda tena. Kisha hupapasa kutafuta ngozi isiyo na manyoya mengi, akadunga. Ladha ya damu haina habari kwake. Uexküll aliandika kwamba atafyonza kimiminika chochote, mradi joto lake liwe sawasawa.

Jumla ya vitu ambavyo kiumbe anaweza kuvigundua na vikawa na maana kwake, Uexküll aliiita kwa Kijerumani Umwelt. Kwa Kiswahili nadhani tungesema tu "dunia yake", kama tunavyosema mlevi yuko kwenye dunia yake, na tungekuwa hatujapoteza kitu. Cha kushika ni kwamba dunia ya kupe haina mapengo. Hakai pale juu akisikitika kwamba hauoni upinde wa mvua. Na sisi hatusikitiki kwamba hatuioni mianga ya urujuani-mkali ambayo nyuki anaiona kwenye ua, kwa sababu tundu hilo hatujawahi kujua kwamba lipo.

Hadi hapa ni rahisi. Ugumu unaanza pale mtu anapouliza: mnyama fulani anaonaje dunia? Katika swali hilo moja yamo matatu, na mabishano mengi ya vijiweni, na hata ya wasomi, hutokana na kuyachanganya. Kuna swali la ishara gani inaingia mwilini mwake. Kuna swali la anaifanyia nini ikishaingia: anaitambua, anaikumbuka, anailinganisha? Na kuna swali la inakuwaje kuwa yeye. La kwanza linahitaji vipimo. La pili linahitaji ujanja, kwa sababu anayehojiwa hasemi, na ukimuuliza vibaya atakupa jibu linalokuhusu wewe mwenyewe. La tatu nitalifikia.

Ujanja wa kuhoji huwa hivi: unabadilisha kitu kimoja tu katika dunia ya mnyama, unaacha vingine vyote vilivyo, halafu unatazama anafanya nini. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Mwanza.

Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza wanaishi samaki wadogo wa jamii ya furu. Hao wa kwenye mawe Wasukuma huwaita mbipi. Wamo wa aina mbili waliopewa majina ya kisayansi ambayo hayahitaji mkalimani: *Pundamilia pundamilia*, na *Pundamilia nyererei*, ambaye ndiyo, ameitwa kwa jina la Mwalimu. Dume la huyu wa pili lina mgongo mwekundu. Dume la mwenzake lina rangi ya bluu iliyofifia kuelekea kijivu. Majike ya aina zote mbili yamepauka na kufanana, hata mtaalamu hupata tabu kuyatofautisha. Na wakizaana wao kwa wao, watoto wanaishi na kuzaa vizuri tu. Sasa nini kinachowazuia wasichanganyike mpaka wakawa aina moja?

Ole Seehausen na wenzake waliwauliza majike wenyewe, na waliuliza kwa taa. Chini ya mwanga mweupe, kila jike lilichagua dume la aina yake. Wakaondoa taa hiyo na kuweka mwanga wa rangi ya machungwa, ambao ndani yake nyekundu na bluu hazionekani tena kuwa tofauti. Samaki ni walewale, maji ni yaleyale, harufu ni ileile. Majike yakaacha kubagua. Jibu haliwezi kuwa wazi kuliko hilo: walikuwa wakichaguana kwa macho, na kwa rangi hasa.

Kisha tazama ziwani. Kadiri udongo, mbolea na maji machafu yanavyoingia Ziwa Victoria, maji yanatiwa ukungu, na ukungu huo hula bluu kwanza. Kinachobaki kushuka chini ni nyekundu na machungwa. Ni taa ileile ya maabara, ila imewashwa ziwa zima. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walichapisha kwamba pale maji yalipochafuka, madume yalikuwa na rangi hafifu na aina za samaki zilikuwa chache. Tumezoea kumlaumu sangara kwa kupotea kwa furu, na sangara kweli ana kesi ya kujibu. Lakini wapo furu waliopotea bila kuliwa na mtu. Walishindwa kuonana.

Mwaka 2008 ikaja sehemu ambayo, nakiri, niliisoma mara mbili. Kundi hilohilo la watafiti lilionyesha kwamba macho yenyewe yanatofautiana. Wanaoishi chini zaidi, kwenye mwanga mwekundu, wana chembe za jicho zilizoelekea kwenye nyekundu, na huko ndiko madume mekundu yanakopatikana. Wa juu, kwenye mwanga wa kila rangi, wana macho ya kupokea hivyo, na madume yao ni ya bluu. Maana yake ni kwamba hisi ya jike imechangia kuuchonga mwili wa dume. Tulizoea kufikiri kwamba jicho linakuja kuangalia rangi ambayo tayari ipo. Hapa rangi imekuja kulifuata jicho.

Mara nyingine swali linaulizwa vizuri kabisa, ila hakuna mwenye masikio ya kusikia jibu. Mwaka 1793 padri na mwanasayansi wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwapofusha popo na kuwaachia kwenye chumba kilichotundikwa nyuzi. Wakapita katikati ya nyuzi kama kawaida. Masikio yalipozibwa, wakaanza kujigonga. Hitimisho lilikuwa dhahiri, popo anaona kwa masikio, na kwa karibu miaka 140 lilichekwa, kwa sababu chumba kilikuwa kimya. Ilibidi afike mwanafunzi wa Harvard, Donald Griffin, mwaka 1938, awabebe popo wake mpaka kwa mwanafizikia George Pierce aliyekuwa na chombo cha kunasa sauti nyembamba kupita uwezo wa sikio la binadamu. Chombo kikapiga kelele. Popo walikuwa wakipayuka muda wote. (Siyo popo wote. Yule mkubwa wa Pemba, mla matunda, hana mambo ya mwangwi. Anategemea macho na pua, kwa hiyo ukimwona ananing'inia mchana usidhani ni kipofu.)

Njia nyingine ya kuhoji ni kumpa mnyama sababu ya kukujibu. Hapa lazima twende Morogoro.

Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa. Kuna uwanja wa mazoezi uliogawanywa kwa kamba. Panya anakuja asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, masikio na mkia vimepakwa mafuta ya kuzuia jua kama mtalii. Amevalishwa mkanda kifuani, mkanda umeunganishwa na kamba iliyonyoshwa kati ya wakufunzi wawili waliosimama ng'ambo na ng'ambo. Anatembea kuifuata kamba, pua chini, hadi mwisho, anarudi hatua ndogo pembeni. Ghafla anasimama, anarudi nyuma kidogo, anakwangua ardhi kwa miguu ya mbele. Mkufunzi anabonyeza kidude mkononi, kinalia tik, na panya anakimbia kwenda kuchukua kipande chake cha ndizi. Chini pale alipokwangua pamefukiwa baruti ya TNT.

Mafunzo huchukua karibu miezi tisa, na ule mlio wa tik ndio lugha pekee wanayoelewana. Panya mwenyewe hana macho ya kutegemea. Anaona vibaya, na hana haja. Ardhi kwake ni kama gazeti: imeandikwa kila mahali.

Watu wengi hudhani panya anashinda mashine kwa sababu pua yake ni kali zaidi. Ni kweli kwa sehemu, lakini siri kubwa iko kwenye swali. Mashine ya kutafuta chuma inauliza, "Kuna chuma?" na ardhi iliyopigana vita inajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa kila msumari, ganda la risasi na kizibo cha soda. Kila ndiyo lazima ichimbwe kwa uangalifu. Panya ameulizwa, "Kuna TNT?" Vizibo vya soda havimhusu. Ndiyo maana eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye mashine anaweza kuchukua hadi siku nne. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kamboja, aligundua zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na vilipuzi vingine, na mwaka 2020 akawa panya wa kwanza kutunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Alifariki Januari 2022, baada ya kustaafu. Uzito wake haukuwahi kutosha kulipua bomu.

Wenzake waliobaki nyumbani hunusa makohozi. Sampuli ambazo vimelea vyake vimeuawa kwa joto hupangwa chini ya matundu, panya anapita juu yake, na akiganda kwenye tundu kwa sekunde tatu, anasema: hapa kuna kifua kikuu. Sampuli 100 ni kazi ya dakika 20. Lakini fikiria tatizo la mkufunzi. Panya anapoganda kwenye sampuli ambayo kliniki ilisema ni salama, umpe chakula au umnyime? Ukimpa na amekosea, umemfundisha uongo. Ukimnyima na amepatia, umemfundisha kunyamaza. Wakatatua hivi: kati ya sampuli huchanganywa zile ambazo tayari zinajulikana kuwa na ugonjwa, na hizo tu ndizo zinazolipwa. Zile nyingine alizozionyesha hurudishwa kupimwa upya maabara. Panya hajui ipi ni ipi, kwa hiyo inabidi awe mkweli kwenye zote.

Nimesema "mkweli", na hapo nimeteleza kidogo, kwa sababu mnyama anaweza kuonekana anajua jambo ambalo hajui. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin, mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, aliyejumlisha, kugawanya na kusoma tarehe. Ungemuuliza tatu na nne ni ngapi, angepiga kwato mara saba na kuacha. Mwaka 1904 jopo la wataalamu lilimkagua na halikuona udanganyifu wowote. Kwa kweli haukuwepo. Kisha mwanasaikolojia Oskar Pfungst akafanya jambo dogo: akamweka muulizaji ambaye yeye mwenyewe hakujua jibu. Hans akaharibikiwa. Akamziba asimwone muulizaji. Hans akaharibikiwa tena. Ikagundulika kwamba kwato zilipofika idadi sahihi, muulizaji, bila kujijua, alilegeza shingo na kuinua kichwa kidogo sana, na farasi akaacha kugonga.

Kisa hiki huhadithiwa kama fedheha ya farasi. Mimi nakiona kinyume. Watu walikuwa wakipima hesabu, mahali ambapo Hans hakuwa na kitu, huku mbele ya macho yao amesimama kiumbe anayesoma mwendo wa kichwa ambao jopo zima la wataalamu halikuuona. Alijibu swali ambalo hawakuliuliza. Tangu hapo, mtafiti makini hamwamini hata mkono wake mwenyewe: kabla panya wa Morogoro hajaruhusiwa kwenda kazini, hutahiniwa kwenye eneo ambalo wanaomshika kamba hawajui mabomu yamefukiwa wapi.

Nyumbani tunao akina Hans wetu. Kila mwenye mbwa amewahi kusema, "Anajua amekosea, mwangalie uso." Alexandra Horowitz wa New York alilipima hilo mwaka 2009. Mmiliki anatoka nje baada ya kumkataza mbwa kula kitafunwa, akirudi anaambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine anadanganywa. Uso wa hatia ulikuja pale mmiliki alipogomba. Mbwa asiye na kosa aliyegombezwa alionyesha hatia vilevile, hata kupita mkosaji. Mbwa wetu, Simba, aliwahi kuchapwa kwa kuku aliyeibwa na paka wa jirani, na sote tuliapa kwamba uso wake ulikiri.

Kwa tembo mambo yanakuwa mazito zaidi, maana hapo hisi na akili zinashikana hadi huoni mshono.

Amboseli, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, familia za tembo zimekuwa zikifuatiliwa moja moja tangu mwaka 1972. Tembo hao wanaishi na watu wa namna mbalimbali. Morani wa Kimaasai wamekuwa wakiwachoma mikuki. Wakamba wakulima si tishio kubwa kwao. Mwaka 2007 watafiti walichapisha jaribio la nguo. Shuka iliyovaliwa na mwanamume wa Kimaasai kwa siku tano, nyingine iliyovaliwa na Mkamba, na nyingine safi, ziliwekwa mahali tembo watakapopita. Kwa harufu ya Mkamba walisogea kando. Kwa harufu ya Mmaasai walikimbia, wakaenda mbali zaidi, wakakaa muda mrefu kabla ya kutulia. Kisha zikawekwa nguo safi zisizo na harufu ya mtu, nyekundu na nyeupe. Kwa nyekundu walionyesha hasira zaidi, na hawakukimbia vile. Watafiti walilitafsiri hivi: harufu inasema adui yuko hapa, rangi bila harufu inasema yanayomhusu yapo, mwenyewe hayupo, kwa hiyo hasira haina gharama. Na kumbuka, jicho la tembo lina aina mbili tu za vipokea rangi, letu lina tatu. Hiyo nyekundu wanayoikasirikia hatujui kwao inafanana na nini. Inatosha kwamba haikuwa sawa na nyeupe.

Karen McComb na wenzake wakaongeza sauti. Mwaka 2014 walieleza walivyocheza spika yenye sauti za watu wakisema maneno yaleyale, tazama kule kundi la tembo linakuja, kwa Kimaasai na kwa Kikamba. Tembo walijikusanya na kunyoosha mikonga kunusa zaidi waliposikia wanaume wa Kimaasai kuliko wa Kikamba. Lakini sauti za wanawake na za wavulana wa Kimaasai hazikuwashtua vile. Hapa huwezi tena kusema ni sikio zuri tu. Kuna kugawa watu kwa makundi, kuna kumbukumbu ya nani aliumiza nani, na kuna kupima: huyu ni wa kukimbia, huyu ni wa kuacha apite. Na ujuzi huo hauko sawa kwa wote. Katika utafiti mwingine wa hapohapo, familia zinazoongozwa na majike wazee zilipambanua vizuri zaidi ngurumo ya simba dume, ambaye ndiye hatari zaidi kwao. Bibi ndiye maktaba.

Mengi ya mazungumzo yao tunapitwa nayo. Mwaka 1984 Katy Payne, aliyekuwa amechunguza nyimbo za nyangumi, alisimama karibu na banda la tembo kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa inadunda bila sauti. Ilimkumbusha alivyokuwa mwanakwaya, akisimama karibu na bomba kubwa kuliko yote la kinanda cha kanisa. Aliporekodi na kuizungusha kanda kwa kasi, sauti zikajitokeza. Tembo walikuwa wakiongea chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, mahali ambapo sikio letu linaishia. Popo yuko juu ya dari letu, tembo chini ya sakafu.

Hata kwa mnyama mkubwa hivyo, swali linaweza kuulizwa vibaya. Tangu mwaka 1970, Gordon Gallup alipowawekea sokwe kioo, kioo kimekuwa mtihani wa kujitambua: mpake mnyama alama mahali asipopaona, akiigusa baada ya kujitazama, anajua yule ni yeye. Jaribio la awali kwa tembo lilitumia kioo kidogo kilichowekwa nje ya nondo. Tembo wakafeli. Mwaka 2006, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kikawekwa kioo cha karibu mita mbili na nusu kila upande, kinachoweza kugusika. Tembo watatu walikichungulia nyuma, wakaweka midomo karibu wajitazame ndani, na mmoja wao, Happy, akaigusa kwa mkonga ile alama juu ya jicho lake, tena na tena. Tembo hakubadilika kati ya jaribio la kwanza na la pili.

Mbwa hufeli kioo. Lakini kwa nini mbwa ajitafute kwenye kioo? Mwaka 2017 Horowitz alimtengenezea kioo cha pua: mkojo wa mbwa mwenyewe, na mkojo wake huohuo ulioongezewa harufu ngeni. Mbwa walikaa zaidi kwenye ule uliobadilishwa, kama mtu anayekutana na picha yake imechorwa masharubu.

Sasa lile swali la tatu. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika kwamba hata tukijua kila kitu kuhusu mwangwi wa popo, hatutajua inakuwaje kuwa popo. Tutakachoweza ni kujiwazia sisi wenyewe tukiruka gizani. Sijaona mtu aliyempiga chini kwenye hilo. Ninachopinga ni wanaomtumia kufunga mjadala, kwamba basi mengine yote ni kubahatisha. Hatujui nyekundu ya tembo inafanana na nini. Tunajua inamfanya nini, inamkumbusha nani, na inaposhindwa na harufu. Hata kwa binadamu mwenzangu, huwa sipati zaidi ya hapo.

Na yupo mmoja anayetuhoji sisi. Mlembe, ndege mdogo wa asali, anajua mizinga ilipo lakini hawezi kuipasua. Anataka nta, na nyuki wanamshinda. Basi humjia mtu, anapiga kelele ya namna yake, anaruka mti wa pili, anangoja kama anafuatwa. Huko kaskazini mwa Kenya, Hussein Isack na mwenzake walichapisha mwaka 1989 kwamba Waborana wanaotafuta asali peke yao walitumia wastani wa saa karibu 9 kuupata mzinga, na wakiongozwa na ndege saa 3 na kidogo. Watu nao humwita. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutoa mlio wa "brrr-hm". Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hupiga miluzi.

Claire Spottiswoode na Brian Wood walibadilisha kitu kimoja tu. Wakaenda kwenye vilima vya Kidero, kwa Wahadzabe, na spika yenye mlio wa Wayao, na Niassa wakaenda na mluzi wa Kihadza. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Kule Kidero ndege walikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu wa kuitikia mluzi wa wenyeji kuliko mlio wa wageni, na Niassa karibu mara mbili kwa mlio wa Wayao. Mlembe hakufundishwa hivyo na wazazi. Hutagwa kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine na kulelewa huko. Amekaa juu ya matawi, akasikiliza watu wa mahali pake, akajua ni sauti gani humaanisha mtu mwenye shoka, moto na nia ya kumfuata. Kisha hutokea mgeni na spika yake, anapiga mlio wa kwao, na mlembe anageuza kichwa, anasikiliza kidogo, anarudi kwenye shughuli zake.